Njaa Si Uroho

Ipo hukumu moja ambayo wasomi wetu huitoa upesi kuliko zote, wala hawaiombi ushahidi. Mtu mnene akipita husemwa kuwa ni mlafi. Akijaribu kupungua akashindwa husemwa kuwa hana nia. Akijitetea kuwa njaa ndiyo iliyomshinda huchekwa. Hukumu hiyo husikika barazani, kazini, na hata katika kumbi za mihadhara, ambamo tungetazamia kila neno lipimwe kabla ya kunenwa. Nakusudia kuipinga. Naipinga kwa sababu mbili: ni uvivu katika lugha, na ni kosa katika elimu ya mwili.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kiswahili si maskini katika jambo hili. Kina njaa, hamu, uchu, ulafi na uroho. Njaa ni haja ya mwili. Hamu ni mvuto wa moyo kwa chakula. Uchu ni hamu iliyozidi ikawa mateso. Ulafi na uroho ni tabia: mlafi hula kupita kiasi, na mroho hutamani hata kilicho katika sahani ya mwenziwe. Maneno mawili ya mwisho ni lawama; matatu ya kwanza si dhambi ya mtu. Hatumkaripii mtoto kwa kuona njaa. Lakini mtoto yuyo huyo akikua akanenepa, njaa yake hubadilishwa jina ikaitwa uroho. Njaa haikubadilika, aliyebadilika ni msemaji.

Tena lugha yetu hutenga kushiba na kukinai. Tumbo hushiba, ulimi hukinai. Mgeni wa harusi aliyekwisha kusukuma kando sahani ya pilau, halua ikiletwa hunyosha mkono tena. Hakusema uongo aliposema ameshiba. Tumbo lilikuwa limejaa, na ulimi ulikuwa umekinai pilau, walakini haujakinai utamu. Waliotuachia maneno hayo mawili waliujua mwili kuliko wale wanaohubiri leo kwamba hamu ni mlango mmoja wenye komeo moja, na kwamba komeo hilo ni nia.

Sasa natazama elimu ya mwili. Katika miaka ya 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliojitolea. Walikuwa wenye afya, na wenye nia iliyokwisha kupimwa, maana walikuwa watu waliokataa kushika silaha vitani kwa ajili ya dhamiri zao. Kwa majuma 24 chakula chao kilipunguzwa hata karibu nusu ya kawaida yao. Walipungua takriban robo ya uzito. Je, nia ile iliwaondolea njaa? Haikuwaondolea. Waliota chakula, walizungumza chakula, walisoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo hadithi, na walilamba sahani. Chakula kiliporudishwa, wengine walikula kupita kiasi na bado wakasema wana njaa. Nani atathubutu kuwaita watu hao walafi?

Yamkini mtu akasema kuwa vijana wale hawakuwa wanene, na mwenye akiba ya mafuta hawezi kuona njaa ya kweli. Hoja hiyo imejibiwa. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York walivumbua homoni ya leptini, itokayo katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo habari za akiba. Mafuta yakipungua, leptini hupungua, na ubongo hupokea habari hiyo kama tangazo la ukame. Mwaka 2011 wataalamu wa Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya uchunguzi ulioandikisha watu 50 wenye uzito mkubwa, waliopunguzwa kwa chakula kidogo sana kwa majuma 10. Mwaka mmoja baadaye homoni zao zilikuwa bado zinadai chakula, na njaa yao ilikuwa bado juu kuliko kabla ya kuanza. Mwili ni mdai asiyesahau deni.

Mimi ni shahidi wa deni hilo. Daktari aliponiagiza nipungue kwa ajili ya shinikizo la damu, nilifuata mahubiri ya nia. Nilikula mara moja kwa siku, nikanywa chai ya rangi, nikajisifu. Mizani ilinisifu pia kwa miezi miwili. Mwezi wa tatu nilijikuta usiku nimesimama jikoni, natafuna mkate mkavu pasipo hata kuketi, na kilo zote zikarudi. Nilijilaumu kwa maneno yale yale ninayoyapinga hapa. Kilichonidhuru kuliko mkate ni aibu, maana aibu ilinifanya nile kwa siri, na alaye kwa siri hapimi.

Ushahidi wa mwisho ni wa dawa. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya dawa ya sindano iitwayo semaglutidi, inayoiga homoni moja ya utumbo na kutuliza hamu. Watu 1,961 walishiriki. Waliopewa dawa walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito kwa majuma 68, na waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua chini ya asilimia 3. Wote walipewa mashauri yale yale. Sindano haitii uadilifu katika damu. Ikiwa hamu hutulizwa na dawa, basi kiini chake hakikuwa upungufu wa uadilifu.

Wapinzani watauliza: basi mtu aachiliwe ale apendavyo? La. Kumwondolea mtu lawama si kumwondolea wajibu. Hatuna amri juu ya kuja kwa njaa, bali tuna amri kiasi juu ya kile itakachokikuta mezani. Mwaka 2019, huko Maryland, Marekani, Kevin Hall na wenzake waliwaweka watu 20 chini ya uangalizi. Majuma mawili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na majuma mawili vyakula vya asili, wakaachwa wale watakavyo. Kwa vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku. Watu ni wale wale, nia ni ile ile. Kilichobadilika ni sahani. Na mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Sydney walipima vyakula 38 kwa kiasi sawa cha kalori, wakaona kuwa viazi vya kuchemsha vilishibisha kuliko vyote.

Basi atakaye kupungua asiishinde njaa kwa ngumi. Aitendee kwa akili. Aipe kunde na maharage, samaki na mayai, mchicha na matembele, viazi vilivyochemshwa badala ya vilivyozama katika mafuta, maji badala ya soda. Asiingoje mpaka iwe kali, maana njaa kali haichagui. Alale vya kutosha, kwa kuwa mkesha huongeza hamu. Halua isiwekwe karibu na mkono wa mtu ambaye ulimi wake haujakinai. Apungue polepole, na akirudi nyuma asijitukane, bali arudi mezani aketi, ale kwa uwazi.

Wasomi nawaomba jambo dogo zaidi: wayarudishe maneno mahali pake. Wahenga walisema, njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Wanaohukumu wanene aghalabu hunena wakiwa wameshiba, na ulevi wa shibe huonekana katika hukumu yao. Mwanafunzi anayejinyima chakula mpaka macho yakaona kiza hahitaji kuambiwa kuwa ni mroho. Anahitaji kuambiwa kuwa ana njaa, na kwamba kuona njaa si kosa. Akikwisha kuamini hayo, ndipo atakapoweza kujifunza kula.