PIPA LISILO NA JINA LISIMWAGWE BARABARANI

Ndugu wafanya kazi,

Vumbi ni adui wa kila mtu anayekaa kando ya barabara isiyo na lami. Hata hapa kwetu watu humwaga oili chafu ya gereji mbele ya duka ili vumbi litulie. Lakini twaomba msikie habari ya mji uliopotea kwa ajili ya oili ya namna hiyo.

Mji huo uliitwa Times Beach, katika jimbo la Missouri, Marekani. Halmashauri yake haikuwa na fedha za kutia lami. Tangu mwaka 1972 ilimlipa mwenye lori anyunyize oili chafu barabarani. Mtu huyu alikuwa pia akilipwa kuondoa taka za kiwanda cha kemikali, naye alizichanganya na oili. Ndani ya taka hizo mlikuwa na dioksini, sumu kali sana.

Onyo lilikuwapo. Mwaka 1971 lori lake lilinyunyiza uwanja wa farasi. Ndege walianguka, farasi wakafa, mtoto akalazwa hospitali. Hata hivyo udongo wa Times Beach haukupimwa mpaka mwaka 1982. Hapo watu zaidi ya 2,000 waliambiwa wasikae tena, na mwaka 1983 Serikali ikatangaza kuununua mji wote kwa zaidi ya dola milioni 30. Kiwanda kilitaka kutupa taka kwa bei rahisi. Wenyeji wakapoteza makao.

Hatusemi kila taka ya kiwanda ni mbaya. Jivu la makaa na mabaki ya tanuri za chuma hutumika katika barabara nchi nyingi, nayo yafaa yakipimwa kwanza. Neno letu ni hilo: yapimwe kwanza.

Mtu wa kwanza kuivuta sumu hiyo si injinia aliye ofisini. Ni kibarua mwenye beleshi na dereva wa lori, kisha watoto wanaocheza kando ya barabara.

Sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamkataza mwajiri kumrudisha mtu mahali penye hatari kubwa ambayo haijaondolewa. Lakini kibarua ataijuaje hatari ikiwa pipa halina maandishi?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kila shehena itokayo kiwandani iwe na karatasi ya vipimo, nayo isomwe kwa Kiswahili mbele ya wafanya kazi. Kitabu kiwekwe cha kuonyesha imetoka wapi na imemwagwa wapi. Na kiwanda kilichotoa taka kisinawe mikono lori likitoka langoni.

Ndugu, ukiona pipa lisilo na jina, mwulize msimamizi, kisha mwarifu mjumbe wa chama. Mmoja akiuliza ataitwa mkorofi; tukiuliza wote tutajibiwa.

Umoja ni nguvu.