Spika Zinacheza Bila Besi? Usikimbilie Duka!

Kuna ushauri unaonikera. Mtu anacheza santuri, anaona koni za spika zake zikiingia na kutoka kama kifua cha mtu anayehema, na hakuna besi anayosikia. Akiuliza, anaambiwa anunue spika kubwa zaidi. Huo ni upuuzi mtupu, na unamaliza pesa za watu.

Sisi waandishi wa programu hatubadilishi kitu kabla ya kujua hitilafu iko wapi. Fanya vivyo hivyo. Kwanza cheza wimbo kutoka kwa simu. Koni zikitulia, spika hazina kosa. Pili, zima mota, laza sindano juu ya santuri iliyosimama, kisha ongeza sauti polepole. Koni zikianza kutikisika, mtetemo wa spika unarudi kwenye sindano kupitia meza. Ondoa spika kwenye meza hiyo. Gharama? Sufuri.

Kama zinatikisika tu santuri inapozunguka, hesabu. Kwa kasi ya 33⅓, mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8. Msukumo ukirudi kwa mwendo huo, santuri imepinda. Lakini ukiona mtetemeko wa haraka kwa kila santuri, shuku ndoa ya mkono na katriji. Chukua uzito wa mkono unaohisiwa na sindano pamoja na katriji, kwa gramu, zidisha kwa ulaini wa katriji, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Gramu 18 na ulaini wa 12 hutoa karibu 10.8 Hz, safi kabisa. Ulaini ukiwa 30, unashuka hadi 6.8 Hz, palepale kwenye mawimbi ya santuri zilizopinda. Lenga kati ya 8 na 12.

Spika kubwa haziponyi lolote kati ya hayo. Zile zenye tundu ndizo huyumba zaidi, kwa sababu chini ya masafa ya tundu hewa haiizuii koni tena. Amplifaya nayo inatumia nguvu kusukuma kitu usichosikia, na sauti za waimbaji zinachafuka.

Halafu kuna wale wanaosema kichujio cha masafa ya chini "kinaua muziki". Kinaua muziki gani? Uzi mnene kabisa wa gita la besi la nyuzi nne hupiga 41 Hz. Kichujio cha 20 Hz chenye mteremko wa desibeli 18 kwa oktava hupunguza takriban desibeli 18 kwenye 10 Hz, na kwenye 41 Hz hakipunguzi hata moja ya kumi ya desibeli. Benga yako iko salama!

Kwa hivyo, ndugu msomaji, pima, rekebisha, kisha chuja. Anayekuuzia spika mpya kabla ya kukuuliza maswali hayo anatibu mfuko wako, si santuri zako.