Mashine Haijui Mbao Mbichi

Tuchukue ubao wa msonobari wenye upana wa milimita 200, kimo cha milimita 80 na unene wa milimita 9, nyuzi zake zikiwa wima. Tuuchonge kwa nyuma mistari ya kupanda na kushuka, mfano wa ile ya vikapu na mikeka ya Wanyambo, tukiacha utando wa milimita 1 tu upande wa mbele. Kisha nyuma yake tuweke taa ndogo. Mchana mtu ataona ubao mtupu. Usiku, taa ikiwashwa, michoro itajitokeza kwa rangi ya kaharabu, kwa sababu mbao nyembamba hufyonza nuru ya buluu zaidi kuliko ile ya manjano na nyekundu. Ni taa ya kufaa chumba cha watoto, maana nuru ya buluu ndiyo inayouchelewesha mwili kuingia usingizini.

Fundi hodari aweza kuitengeneza taa hiyo kwa patasi. Lakini siku hizi iko mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi wa mijini huiita kwa herufi zake tu, CNC. Tangu Januari 2024, mkondo wa amali ulipoanza kuingizwa katika shule zetu za sekondari, limekuwa jambo la haki kuuliza: shule iliyoko Murongo, huko kwenye ncha ya wilaya ya Kyerwa ambako mto Kagera unatutenga na Uganda, itafanya nini na mashine ya namna hii? Wako wanaosema kuwa ni anasa. Wako pia wanaodhani kwamba mashine ikishafika na kufunguliwa kutoka katika sanduku lake, ufundi nao umefika. Mimi siafikiani na upande wowote, ila wale wa pili ndio wanaonitia hofu zaidi.

Hao wa kwanza yafaa wakumbushwe kuwa wazo lenyewe si geni wala si la kitajiri. Mwaka 1804 Mfaransa Joseph-Marie Jacquard aliongoza kitanda cha kufumia nguo kwa kadi zenye matundu. Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata tarakimu zilizotobolewa kwenye utepe, kutokana na mawazo ya John Parsons. Leo programu iitwayo GRBL, ambayo hailipiwi, huendesha mashine ndogo za namna hiyo kupitia kibao cha umeme cha Arduino kinachoenea kiganjani. Taa yenyewe nayo haina gharama ya kutisha. Diodi moja ya nuru inayotumia volti 3 na mkondo wa ampea 0.02, ikiunganishwa na chaji ya simu ya volti 5, huhitaji kikinzani cha omu 100. Nguvu yote ni wati 0.1, ikiwaka saa 10 kila usiku, kwa mwaka mzima haimalizi hata nusu uniti. Watu wa Murongo, ambao hapo mtoni wana mtambo wa Kikagati wa megawati 14 ambao nchi mbili zilikubaliana kugawana umeme wake, hawatashindwa kuimudu.

Thamani ya mashine hii shuleni ni hesabu. Mwanafunzi alijifunza majira ya nukta tangu shule ya msingi, akachora grafu nyingi zisizokwenda popote. Hapa grafu inakwenda kazini. Mstari wetu waanzia nukta (10, 20), wapanda hadi (20, 60), washuka hadi (30, 20), na kuendelea hivyo hadi milimita 190. Amri zake ni hizi:

G00 X10 Y20
G01 Z-2 F200
G01 X20 Y60 F600
G01 X30 Y20

G00 ni kwenda upesi bila kukata. G01 ni kukata kwa mstari ulionyooka. Z ni kina. F ni mwendo kwa milimita katika dakika. Kwa kanuni ya Pythagoras kila mstari una urefu wa milimita 41.2. Mistari 18 ni milimita 742, yaani sekunde 74 kwa mwendo wa 600. Tukishuka milimita 2 kila mzunguko, mizunguko 4 itafikisha kina cha milimita 8 kwa muda wa kama dakika 5. Mwanafunzi ayaandike haya kwa mkono wake kwanza. Anayepakua mchoro uliokwisha kutengenezwa na mtu wa mbali, kisha akabonyeza kitufe, hana alichojifunza ila kubonyeza, na ukuta wake utapambwa kwa maua ya nchi nyingine.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe, katika karakana ya chuo nilichosomea ng'ambo, niliandika G00 mahali pa G01 biti ikiwa bado ndani ya mbao. Ilikatika kwa mlio ambao sijausahau. Tangu siku hiyo sijazichanganya amri hizo mbili, na sidhani kama mhadhara ungenifunza hivyo.

Sasa nije kwenye hofu yangu. Mota ya mashine hii hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200, na kila hatua yaweza kugawanywa mara 16. Skrubu inayosogeza milimita 8 kwa mzunguko itakuwa basi na hatua 400 katika kila milimita, yaani milimita 0.0025 kwa hatua. Tarakimu hiyo hupendeza machoni, ila mbao haiitambui. Ubao wetu, ukiwa umepasuliwa bapa, hupungua upana takriban nusu milimita kila unyevu wake unaposhuka kwa asilimia 1. Hizo ni hatua 200 za mota. Tena haupungui tu, bali hujikunja, kwa kuwa duara za miaka ndani yake hujaribu kujinyoosha. Ukijikunja milimita 1 katikati, utando wetu wa milimita 1 umekwisha: biti itatokeza upande wa pili, au itaacha unene usiopitisha nuru. Mashine itakuwa imetii kila amri, na taa itakuwa imeharibika.

Anayelijua jambo hili ni seremala wa kijijini, yule anayeunyanyua ubao na kuugonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kutaja bei. Katika mipango mingi ya amali niliyopata kuisoma, mtu huyo hatajwi. Rai yangu ni kwamba shule imwite, imlipe posho kama inavyomlipa mkufunzi yeyote, na asimame mbele ya darasa kabla ya mashine kuwashwa. Mwalimu wa fizikia asimame naye, akiwa na mizani ya maabara. Kipande chenye uzito wa gramu 52, kikikaushwa katika joto la nyuzi 103 hadi kibaki gramu 40, kilikuwa na maji gramu 12. Gawanya kwa 40, unyevu ni asilimia 30. Mbao hiyo bado ni mbichi, hata kama muuzaji ameapa kuwa ni kavu.

Shule isiyo na mashine yaweza kuanza na sehemu hii Jumatatu ijayo. Panga mbao kivulini, weka vijiti kati ya moja na nyingine ili hewa ipite, pima ubao mmoja kila juma na uandike uzito wake kwenye grafu. Mstari ukilala kwa majuma matatu mfululizo, mbao hiyo yaweza kuchongwa.