Fulana Haimfanyi Mtu Mhandisi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wanafunzi wapya wa uhandisi huimbiwa wimbo uleule: jiunge na tawi la wanafunzi la chama cha wahandisi, ujuane na wakubwa, wasifu wako ung'ae, ukimaliza chuo ajira itakufuata. Wanalipa ada, wanapewa kadi na fulana, wanapiga picha na mgeni rasmi. Baada ya hapo, kimya mpaka uchaguzi wa viongozi.

Ahadi hiyo ni ya uongo, ingawa wengi wanaoitoa wanaiamini. Mwajiri mwenye rundo la maombi mezani anaukuta uanachama huo kwa huyu, kwa yule na kwa anayefuata. Utamsaidia vipi kuchagua?

Wapo pia wanaodhani kadi ya tawi ni ngazi ya kwanza ya kusajiliwa. Siyo. Tanzania, mwenye mamlaka ya kumsajili mhandisi ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa sheria ya mwaka 1997. Bodi haina haja ya kujua kama ulikuwa katibu mwenezi. Inataka shahada, kisha uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu kabla hujaitwa mhandisi mtaalamu. Ndiyo sababu tangu 2003 inaendesha mpango wa SEAP wa kuwanoa wahitimu kazini. Chama ni hiari.

Nitaambiwa: lakini bila kujuana hapa mjini hupati kitu. Kweli kabisa. Ila mhandisi mwenye kampuni uliyemshika mkono kwenye kongamano hakumbuki hata jina lako. Anayekukumbuka ni yule aliyekuona umepiga hesabu, ukakosea, ukarudi kesho yake na hesabu iliyonyooka.

Waanzilishi wa vyama hivi walilijua hilo. Januari 2, 1818, vijana wachache walikutana kwenye mgahawa wa kahawa jijini London wakaanzisha Institution of Civil Engineers. Hawakuwa na mkubwa wa kupiga naye picha. Walitaka kufundishana kazi ambayo wakati huo haikuwa na darasa. Thomas Telford, bingwa wa barabara na madaraja, alikubali kuwa rais wao mwaka 1820, miaka miwili baadaye. Kazi ilitangulia, mkubwa akafuata. Sisi tunaanza na mgeni rasmi, tena tunamsubiri saa mbili.

Marekani, matawi ya wanafunzi ya chama cha wahandisi ujenzi, ASCE, hushindana kuunda mitumbwi ya zege. Naam, zege! Mashindano ya kitaifa yalianza 1988. Mtumbwi hujazwa maji na kuzamishwa, nao lazima uibuke wenyewe. Baadaye wanafunzi wanaupiga makasia. Aliyehangaika miezi kadhaa kutafuta mchanganyiko mwepesi usiopasuka hahitaji kuandika kwamba "ana moyo wa kushirikiana".

Hapa kwetu hatuna haja ya mtumbwi, maana kazi imejaa mtaani. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, likaua watu 36. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo. Sisemi wanafunzi wangeyazuia. Nasema tawi la wahandisi ujenzi katika jiji hili lisilowahi kugusa zege la mtaani halina udhuru. Pita kwenye ujenzi wowote wa nyumba ya kawaida uone fundi anavyoongeza ndoo ya maji ili zege limwagike kwa urahisi. Kila ndoo ya ziada inakula nguvu ya zege lile. Wanafunzi wangeomba zege kidogo, wakalijaza kwenye kalibu za sentimita 15, wakavunja vipande kwenye mashine ya chuo siku ya 7 na ya 28, kisha wakamrudishia fundi majibu kwa lugha anayoielewa. Mashine hiyo mara nyingi ipo tayari, inangoja vipindi vya maabara.

Kwa hiyo uchaguzi wa tawi ukifika, mgombea asiulizwe atamleta nani kwenye kongamano. Aulizwe atapima nini kabla ya muhula kwisha. Akianza kuzungumzia rangi ya fulana, mnyimeni kura, na ada ya mwaka huu ikanunue kalibu.