Wanaielewa Bima Vizuri Sana

Kila inapozungumzwa bima ya afya, iwe kwenye semina, mkutano wa hadhara au kipindi cha redio, hakosi mtu wa kusema: tatizo la wananchi wetu ni uelewa mdogo. Hawajui maana ya bima. Wapewe elimu. Ukumbi mzima unaitikia, fungu la uhamasishaji linatengwa, fulana na vipeperushi vinachapwa, gari la matangazo linazunguka sokoni. Mwaka unapita, waliojiunga ni wale wale, na sentensi inarudiwa kama ilivyo.

Naipinga sentensi hiyo kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu anayeumia nayo ni mgonjwa.

Niliwahi kufanya kazi ya udadisi vijijini. Unabeba dodoso, mwenyekiti wa kitongoji anakutambulisha, unakaribishwa kigoda, unaanza kuuliza. Dodoso letu lilikuwa na swali hili: kwa nini kaya yako haijajiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii? Majibu yalikuwa tayari yamepewa namba. Moja, hana fedha. Mbili, hajawahi kusikia. Tatu, haoni umuhimu. Nne, sababu nyingine, taja.

Mama mmoja alinijibu kwa kirefu huku anapukuchua mahindi. Kadi alikuwa nayo. Alimpeleka mtoto zahanati na homa, akapimwa, akaandikiwa dawa, akafika dirishani akaambiwa zimekwisha, anunue duka la nje. Akanunua. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Safari ya tatu aliangalia foleni vizuri: yeye mwenye kadi na jirani yake aliyelipa papo kwa papo walitoka na karatasi ya namna moja, wakaenda duka moja, wakalipa bei moja. Kadi ilipoisha muda wake hakuihuisha. "Sasa mwanangu," aliniuliza, "hiyo elfu thelathini niitoe ya nini?"

Mstari wa "sababu nyingine" ulikuwa mfupi kama kidole, na msimamizi alishatuonya tusiujaze hovyo maana unawachelewesha wanaoingiza takwimu. Nikazungushia tatu: haoni umuhimu. Miezi kadhaa baadaye niliiona ripoti. Wenye mbili na wenye tatu walikuwa wamejumlishwa pamoja, na juu ya jedwali pameandikwa "uelewa mdogo kuhusu bima". Hesabu ambayo yule mama aliipiga kwa safari tatu za zahanati ilikuwa imeandikwa kuwa ni ujinga, na kalamu ya kwanza kuiandika hivyo ilikuwa yangu. Sijalisahau jambo hilo, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Mfuko wenyewe si mgeni. Ulijaribiwa Igunga, mkoani Tabora, katikati ya miaka ya 1990, ukatungiwa sheria mwaka 2001. Mwaka 2007 Peter Kamuzora na Lucy Gilson walichapisha utafiti kuhusu kinachouzuia kukua. Walikuta watu wasiomudu mchango, huduma duni, kutowaamini wanaousimamia mfuko, na wengine ambao hawakuona mantiki ya kulipia ugonjwa ambao haujaja. Hiyo ya mwisho sikatai, ipo. Lakini tazama namna ilivyozimeza zile nyingine tatu, kwa sababu ndiyo pekee inayomtwika mwananchi lawama na kumwacha ofisa akiwa msafi. Dawa zikikosekana, kuna mtu wa kuulizwa. Fedha za mfuko zisipoeleweka ziliko, kuna mtu wa kuulizwa. Uelewa ukiwa mdogo, anayeulizwa ni yule mama wa mahindi.

Kama kweli Watanzania hawaelewi bima, nielezwe habari ya Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto akatibiwa kwa kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Wazazi waliichangamkia wenyewe, wakiwemo mama lishe, bodaboda na wauza mitumba, yaani watu wale wale tunaoambiwa kwamba bima haijawaingia akilini. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba gharama za matibabu zimeizidi michango kwa mbali, kwa kuwa wazazi wengi walikuwa wanawaandikisha watoto ambao tayari wanaumwa.

Mzazi anayejua ni wakati gani kadi itamfaa, akalipa wakati huo huo, ameielewa bima mpaka kwenye mifupa. Mfuko ulikuwa na haki ya kuogopa kufilisika, na dawa ya tatizo hilo inajulikana: wazima na wagonjwa waingie pamoja. Kisichowezekana ni watu hao hao kuwa wajinga wanapoikataa kadi ya elfu thelathini, kisha kuwa wajanja kupita kiasi wanapoikimbilia ya elfu hamsini.

Muswada wa bima ya afya kwa wote ulipofika bungeni mwaka 2022, Serikali ilikuwa inasema wenye bima ni kama asilimia 15 ya Watanzania wote. Kiwango cha mchango wa mwaka kilichotajwa kilikuwa shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, na palikuwa na pendekezo la kuifungamanisha bima na mambo kama leseni ya udereva na usajili wa laini ya simu. Nchi nzima ilipiga hesabu. Kwenye daladala, vijiweni, saluni, watu waligawanya kwa miezi, wakalinganisha na kodi ya chumba, wakauliza kijana wa miaka 19 aliyekwisha kuhama kwao anahesabiwa kaya ipi. Maswali yale yalikuwa mazito kuliko mengi niliyoyasikia kwenye kumbi zenye viyoyozi. Sheria ilikuja kupitishwa Novemba 2023.

Kuna jambo jingine ambalo wanaonukuu tafiti za maoni hawapendi kulitaja. Ukimuuliza mtu nyumbani kwake, "Je, uko tayari kuchangia huduma ya afya?", atasema ndiyo. Mgeni hajibiwi hapana mlangoni, hasa mgeni aliyeletwa na mwenyekiti. Afrobarometer, wanaohoji watu katika nchi nyingi za Afrika tangu 1999, huwauliza mwishoni: unadhani nani ametutuma? Wengi hujibu kwamba ni serikali, na waliochambua majibu hayo wamekuta kwamba anayedhani hivyo huelekea kuisifu serikali zaidi. Hapa kwetu, mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa kusambaza takwimu zenye nia ya kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi, hadi ikalegezwa mwaka uliofuata. Kwenye hali kama hiyo, "ndiyo" ya mwananchi ni adabu, na pengine ni tahadhari. Kuitumia kukisia mapato ya mfuko ni kumsingizia.

Afrobarometer hao hao wana swali ninaloliheshimu: katika mwaka uliopita, ni mara ngapi wewe au mtu wa nyumbani kwako mlikosa dawa au matibabu mliyoyahitaji? Hapo hakuna anayeombwa kusifu wala kuahidi. Anasimulia yaliyompata.

Elimu inayodaiwa kukosekana nayo tuitazame. Kipeperushi kinasema bima ni kusaidiana, wazima wawabebe wagonjwa. Mtu aliyekulia kwenye michango ya misiba na vikoba anafundishwa kusaidiana na nani? Anachotaka kujua ni kingine kabisa. Dawa ya presha ipo leo kwenye zahanati hii au haipo? Kadi yangu inafika hospitali ya rufaa au inaishia wilayani? Kipimo hiki kimo kwenye kitita cha huduma zinazolipiwa na bima? Mchango wa kijiji chetu mwaka jana ulikuwa kiasi gani, na ulinunua nini? Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa hadi siku 30 kujibu. Mwenye mtoto mwenye degedege hana siku 30. Majibu hayo yangeweza kuandikwa kwa chaki kwenye ubao nje ya dirisha la dawa kila Jumatatu asubuhi, na yangewafundisha watu bima kuliko magari yote ya matangazo.

Na anayedhani kwamba habari hii ni ya vijijini tu akumbuke tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha Mfuko wa Taifa kilipoanza kutumika na baadhi ya hospitali binafsi zikagoma kuwapokea wenye kadi. Walioachwa mapokezini walikuwa pia walimu, wahasibu, watumishi wanaokatwa mshahara kila mwezi. Elimu wanayo, kadi wanayo, makato hayakusimama. Hakuna aliyethubutu kuwaambia wao kwamba uelewa wao ni mdogo.

Wanaoandika madodoso nawaomba wamtafute mtu aliyekuwa na kadi akaiacha, wamuulize kwanza yeye, na wampe ukurasa mzima wa kujibu. Wewe msomaji, siku mdadisi akikaa kwenye kigoda chako, jibu kwa kirefu kama ulivyokusudia. Kisha, kabla hajafunga dodoso, mwambie akusomee alichoandika.