Ughafi si ushahidi

Miongoni mwa wapenzi wa baiskeli za milimani ipo imani iliyokomaa kiasi kwamba ni wachache wanaoihoji. Video isiyo na muziki wala mwendo wa taratibu, yenye picha inayotikisika na kelele za matairi kwenye changarawe, ndiyo inayosema kweli. Filamu iliyopigwa kwa kamera za ghali, ikasubiriwa jua la jioni, ikahaririwa kwa miezi, inadanganya. Ya kwanza huitwa ghafi na husifiwa kama ushahidi. Ya pili hudharauliwa kuwa ni tangazo tu. Imani hiyo ni potofu, na inaupotosha mchezo wenyewe.

Kamera ya kofia ndiyo inayoaminiwa kuliko zote. Oktoba 2013, katika mashindano ya Red Bull Rampage huko Virgin, jimbo la Utah nchini Marekani, Kelly McGarry wa New Zealand aliruka korongo lenye upana wa futi 72, karibu mita 22, huku akipiga samasoti ya kinyumenyume pamoja na baiskeli yake. Alimaliza wa pili. Video ya kamera aliyoivaa kichwani imetazamwa mara makumi ya mamilioni, na inasisimua kweli: unaona usukani, mikono, ukingo mwembamba wa udongo mwekundu, kisha anga, kisha ardhi inarudi. Korongo lenyewe halionekani sawasawa. Lenzi ya pembe pana husogeza kila kitu mbali na kukipunguza. Mteremko wa kutisha hulala, na mwamba wa kimo cha mtu huonekana kitu cha kurukwa na mtoto. Waendeshaji wengi wamewahi kurudi nyumbani na video ya kofia, wakawaonyesha wenzao, wakaulizwa hapo ugumu uko wapi. Anayetaka kujua McGarry alifanya nini hasa siku ile hana budi kutafuta picha za wapigapicha waliosimama mbali, wakamnasa mtu mmoja mdogo na baiskeli yake, miguu juu kichwa chini, na pengo lote likionekana chini yake.

Lenzi ndefu nayo ina hila zake. Huyabana masafa, ikausimamisha mteremko kuliko ulivyo. Hakuna lenzi isiyo na upande, na anayeinunua huwa ameshachagua upande huo kabla hajabonyeza kitufe. Kwa nini basi upande mmoja uitwe ukweli na mwingine uitwe ulaghai?

Wanaoutetea ughafi hupenda kutaja mfululizo wa Raw 100 wa Brandon Semenuk, bingwa wa Kanada, na mtengenezaji filamu Rupert Walker. Masharti yake yanajulikana: sekunde 100, hakuna muziki, hakuna mwendo wa taratibu. Ni kazi nzuri mno. Lakini itazamwe kwa makini. Kamera inajua Semenuk atatokea wapi kabla hajatokea, na inakata pale tu tairi la nyuma linapomaliza kugusa udongo. Mwanga umechaguliwa. Matuta ya kurukia yamechimbwa na kupigwa koleo mpaka yakakaa sawa. Kila kipande kimeshinda vipande vingine vilivyoachwa nje, ambavyo mtazamaji hatavijua kamwe. Masharti yale matatu ni ya kisanii, kama mshairi anavyojifunga kwa vina na mizani, na ndani ya kifungo hicho Walker na Semenuk wametengeneza kitu kilichosukwa kwa ustadi kuliko filamu nyingi zenye droni na vinanda. Kuiita kazi hiyo ghafi ni kuwanyima mafundi haki yao.

Hata sauti, ambayo ndiyo nembo ya video hizi, haiji yenyewe. Kamera iliyosimama mita 50 kutoka kwenye njia haiwezi kuusikia mnyororo ukigonga fremu wala breki ikilia. Sauti hiyo ikisikika kwa ukaribu, basi imetoka kwenye maikrofoni nyingine, au imerekodiwa wakati mwingine ikapandikizwa kwenye meza ya mhariri. Si kosa, sinema imefanya hivyo tangu zamani. Kosa ni kuitangaza kuwa ni ukweli mtupu usioguswa na mkono wa mtu.

Zipo video ghafi zinazostahili heshima kamili. Zile za Vital RAW, zinazopigwa kwenye mazoezi ya Kombe la Dunia la mteremko, huwafundisha vijana mengi kuliko makala ndefu. Mpigapicha husimama kando ya njia, kwenye kona moja yenye mizizi, na waendeshaji wanapita mmoja baada ya mwingine. Huyu anaingia kwa nje, yule anakata kwa ndani, wa tatu anaruka mizizi yote asiiguse. Thamani yake imetoka kwa mtu aliyeujua mlima, akaikagua njia, akachagua kona ile na si nyingine. Ni uamuzi wa kitaalamu ule ule wa mpiga filamu mwenye bajeti kubwa.

Mfano unaoivunja imani hii kabisa ni filamu ya unReal ya mwaka 2015, iliyotengenezwa na Anthill Films pamoja na Teton Gravity Research. Ndani yake Semenuk anateremka vilima vya California kwa pigo moja la kamera, bila kukata hata mara moja. Kamera nzito yenye mitambo ya kutuliza mtikisiko ilifungwa kwenye gari, na gari likakimbia sambamba naye kwenye barabara iliyotengenezwa kando ya njia yake. Ni vigumu kupata kipande kilichopangwa zaidi ya hicho katika historia ya mchezo huu: mlima ulichimbwa kwa ajili ya dakika chache. Na ni vigumu kupata kilicho cha kweli zaidi. Semenuk angekosea tuta moja tu, wote wangerudi juu kuanza upya. Hakuna mhariri wa kumwokoa, wala pa kuficha mguu ulioteleza kwenye pedali. Hapo gharama na mipango ndivyo vilivyouleta ukweli.

Ndivyo ilivyo pia kwa The Ridge ya mwaka 2014, ambamo Danny MacAskill alirudi kwenye kisiwa alikozaliwa cha Skye, Scotland, akapanda na baiskeli safu ya milima ya Cuillin. Stu Thomson na kampuni yake ya Cut Media walitumia droni, muziki na mandhari ya bahari, yaani kila kinacholaumiwa. Lakini droni ikisogea nyuma ndipo inapodhihirika kwamba kulia kwa MacAskill kuna hewa na kushoto kwake kuna hewa, na tairi lina upana wa jiwe moja la kupitia. Kamera ya kofia ingeonyesha mawe na mawingu.

Watetezi wa ughafi hawajakosa hoja kabisa. Filamu nyingi zimeuua mchezo huu kwa mwendo wa taratibu. Kamera ikinasa picha 120 kwa sekunde zikaonyeshwa kwa kasi ya 24, mruko wa sekunde 1 unageuka sekunde 5, na kasi, ambayo ndiyo roho ya mchezo, inapotea. Ongeza sauti nzito inayosimulia uhuru na milima huku nembo ya mdhamini ikipita, na hasira ya watazamaji inaeleweka. Dawa ya ubaya huo ni mhariri mwenye akili. Kutupa ufundi wote kwa sababu wapo wanaoutumia vibaya hakumsaidii yeyote.

Hoja yao nzito zaidi ni Champéry, Uswisi, Septemba 2011. Kijana Mwingereza wa miaka 19, Danny Hart, aliteremka kwenye matope na mvua akatwaa ubingwa wa dunia kwa tofauti ya zaidi ya sekunde 11, katika mchezo ambao washindi huachana kwa sehemu za sekunde. Hakuna aliyepamba chochote, wanasema. Wamesahau kwamba walichokitazama ni matangazo ya televisheni ya moja kwa moja: kamera zimepangwa mlima mzima, nyaya zimevutwa msituni, mwongozaji anachagua kila nukta ni kamera ipi iende hewani, na sauti ya mtangazaji Rob Warner inapanda kadiri Hart anavyoponea chupuchupu. Bila mitambo hiyo yote, mbio zile zingebaki simulizi ya watu waliokuwa wamelowa kando ya njia.

Wasomaji wa Moshi na Nanyuki wana sababu yao ya kulifuatilia jambo hili. Mwaka 2016 waendeshaji Hans Rey, MacAskill na Gerhard Czerner walipeleka baiskeli zao Mlima Kenya na Kilimanjaro. Anayeifahamu Kilimanjaro anajua kwamba hakuna mgeni anayefika kileleni, mita 5,895, bila mwongoza watalii, na kwamba mahema, chakula na mizigo vinapanda kwenye vichwa na migongo ya wapagazi. Kamera iliyofungwa kwenye kofia ya mwendeshaji yeyote anayeteremka mlima ule itaonyesha gurudumu la mbele na vumbi. Ili mpagazi aonekane, ni lazima mtu asimame, ageuze kamera, na aamue kwamba naye ni sehemu ya hadithi.

Wachimbaji wa njia wako katika hali hiyo hiyo. Hubeba koleo kwa wiki nyingi kwa ajili ya mruko unaopita kufumba na kufumbua, na katika filamu ndefu majina yao huandikwa mwishoni pamoja na ya wapigapicha na wahariri. Video fupi inayojinadi kuwa haikuguswa na mtu, mara nyingi haina nafasi hiyo, kwa sababu kuyataja majina ni kukiri kwamba iliguswa. Watazamaji wanaodai ukweli wanayo haki ya kudai orodha hiyo hata kwenye video ya sekunde 100: nani alichimba, nani alishika kamera, sauti ilitoka wapi, na mruko ule ulijaribiwa mara ngapi kabla ya huo uliowekwa hadharani.