KUCHEKESHA NA KUCHEKA: DENI LETU KWA MZEE OJWANG

Mwenye kutoka Mombasa akashukia Nairobi, kisha akapelekwa Kiamaiko kununua mbuzi wa akika, huona mengi kabla hajamwona mbuzi. Huko Eastlands, jirani na Huruma na Mathare, ndiko ziliko machinjio za mbuzi zinazolisha nyumba na hoteli nyingi za mji ule. Malori hushuka kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo, na wengi wa wenye kuchinja na kuuza ni ndugu zetu Waborana na wenzao wa kaskazini. Nami niliandamana na mpwa wangu aliyejaaliwa mtoto wa kike. Bei ilipokataa kushuka, tuliingia mkahawani kunywa chai na kupumua.

Juu ya kabati la maandazi palikuwa na televisheni. Kijana mmoja mchekeshaji alisimama jukwaani akiigiza Kiswahili cha watu wa kaskazini: herufi zimepinda, ngeli zimepotea, na kila sentensi inamalizikia kwenye mbuzi, miraa au bunduki. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mle mkahawani wawili watatu walitabasamu, wengine wakainamia vikombe. Mzee mmoja aliyekuwa meza moja nasi akanigeukia, kwa kuwa aliiona kanzu yangu, akasema: "Maalim, zamani Ojwang alikuwa akituchekesha. Huyu anatucheka."

Msomaji, nimeshika kalamu miaka mingi, wala sijapata kusikia hukumu fupi na nzito kama ile. Lugha yetu imetofautisha kucheka na kuchekesha kwa silabi moja tu, na ndani ya silabi hiyo mna adabu nzima ya mzaha.

Mzee Ojwang alikuwa nani? Jina lake hasa ni Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu, naye kwa zaidi ya miaka thelathini aliishi machoni mwa Wakenya kama Mjaluo. Wengi hawakulijua hilo mpaka alipozeeka. Walimwona katika Vioja Mahakamani na katika Vitimbi, akiwa na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Kenya ilikuwa na kituo kimoja tu cha televisheni mpaka mwaka 1990, kile cha serikali, kilichoitwa Sauti ya Kenya na tangu 1989 kikaitwa KBC. Kwa hiyo jioni ya kipindi chake, mwenye televisheni mtaani aligeuka kuwa mwenyeji wa watoto wa nyumba kumi.

Mtu atauliza: naye je, si aliigiza lafudhi ya kabila lisilo lake? Aliigiza. Mbona basi Kisumu walimpenda kama walivyompenda Nyeri na Lamu? Kwa maoni yangu zipo sababu mbili.

Ya kwanza, Ojwang alikuwa mtu kamili. Alikuwa na nyumba, mke anayemjibu, jirani wa kugombana naye, na maarifa ya kujitia matatani. Lafudhi ilikuwa nguo aliyoivaa tu. Kichekesho kilikuwa ni binadamu aliyemo ndani ya nguo ile. Kijana wa jukwaani ameivua nguo ya watu akaitundika msumarini, akatuambia tuicheke nguo.

Ya pili, aghalabu Ojwang ndiye aliyeshindwa. Hila ilimrudia mwenyewe, na aliyefedheheka mwisho wa mchezo ni yeye, si jirani. Mwenye kujifanya mjinga ili watu wacheke ametoa sadaka. Mwenye kumfanya mwenziwe mjinga ili yeye alipwe amefanya biashara kwa mtaji wa watu. Sura ya al-Hujurat imekataza watu kuwadhihaki watu, kwa kuwa huenda hao wanaodhihakiwa wakawa bora. Makatazo hayo hayakuufunga mlango wa mzaha. Yameufunga mlango wa kudharau.

Wala sisemi wachekeshaji wawaogope wakubwa. Mwisho wa miaka ya 1990 vijana watatu wa Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walimwigiza Rais Moi angali madarakani, na nchi ikagundua kwamba inaweza kucheka bila ruhusa. Huo ulikuwa mzaha wa mnyonge kumwelekea mwenye nguvu. Mzaha wa ukumbi mkubwa kumwelekea mchuuzi wa Kiamaiko unashuka kilima, na jiwe linaloshuka halina haja ya kusukumwa sana.

Lakini tusimpambe marehemu kwa asichokifanya. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na Mathare, hatua chache kutoka mkahawa ule, Wakikuyu na Wajaluo walichomeana nyumba. Hao ni watu waliokuwa wakimcheka Ojwang pamoja. Kicheko hakikuzuia panga. Nami sikitaki kicheko kibebe mzigo uliowashinda wanasiasa na wakuu wa dini. Nasema tu kwamba jamii yenye kumbukumbu kama hiyo haifai kuchezea majina na ndimi za watu kwa wepesi. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Sasa nije kwenye deni. Mzee Ojwang alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78. Miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, na wananchi walichangishana ili atibiwe. Kuchangishana ni wema, nami nawapongeza waliotoa. Lakini mchango ni sadaka, na mtu aliyefanya kazi miaka thelathini hakustahili sadaka. Alistahili haki yake.

Wala tusidhani hilo ni la Kenya peke yake. Sisi wa mwambao tulikuwa naye wetu, Amri Athumani, mzaliwa wa Tanga, tuliyemwita King Majuto. Alianza jukwaani, akaingia katika filamu, na uzee wake akaufanya kuwa kichekesho bila kumvunjia mzee mwingine heshima. Alipougua, mwaka 1918 wala 1958 bali juzi tu, 2018, zikatoka habari za kazi na matangazo aliyoyafanya kwa malipo haba. Waziri wa habari wa Tanzania wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuikagua mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huo huo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kamati ilikuja jioni, jua linatua.

Sheria si kwamba hazipo. Kenya ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inayomtambua mwigizaji, na ulimwengu una mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020, kuhusu haki za waigizaji katika filamu na televisheni. Kilichokosekana ni mazoea: kuandikiana kabla ya kupiga picha, na kumlipa mtu kipindi chake kinaporudiwa. Wazee wetu walifundishwa kuandika deni mbele ya mashahidi, hata liwe dogo. Mbona deni la kicheko liachwe hewani?

Hata yule kijana wa jukwaani simchukii. Huenda naye atazeeka bila mkataba, na siku hiyo hatutamwuliza alimdhihaki nani kabla hatujamchangia. Laiti angekuja Kiamaiko, akakaa na wachuuzi mwezi mmoja! Angekuta vichekesho ambavyo wao wenyewe wangevicheka wa kwanza.

Tulipoinuka, mzee yule alitulipia chai, kisha akatoka nje akatupatanisha na mwenye mbuzi. Bei ikashuka. Mpwa wangu akamwuliza kwa nini amejitaabisha kwa watu asiowajua. Akajibu kwa Kiswahili kilekile kilichochekwa kwenye televisheni, kila herufi imepinda pale ilipopindwa, kwamba mgeni haachwi apunjwe. Hakuna aliyecheka.